Hodi ya Mgeni Ipigwe Mara Moja

Katika mwaka 2024 wageni wa nchi za nje walioingia Jamhuri ya Muungano wa Tanzania walipindukia milioni 2, na Zanzibar kwa upande wake ilipokea zaidi ya 700,000. Kila mmoja wao, kabla hajaonja maji yetu wala kuitikia salamu yetu, alikutana kwanza na karatasi: pasi, viza, maswali ya kujaza, kadi ya chanjo kwa atokaye penye homa ya manjano, na, kwa ateremkaye Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba, 2024, hati ya bima. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo, la maofisa na mihuri yao, lisilomhusu mvuvi wa Mkokotoni wala mkulima wa Mlalo. Sisi hatukubaliani nao. Karatasi ile ndiyo kauli ya kwanza ambayo taifa humwambia mgeni, na mara nyingi ndiyo ahadi pekee ambayo mgeni huliandikia taifa. Ikikaa vibaya, hasara yake haiishii uwanja wa ndege wa Kiembesamaki. Hupanda milima mpaka Lushoto.

Tunaitaja Lushoto kwa makusudi. Wasomaji wetu wengi wa visiwani wanaijua milima ya Usambara kwa viazi, kabichi na matunda yanayoshuka kutoka huko kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Lakini mgeni wa siku hizi haji kuogelea baharini tu. Akishamaliza siku zake Nungwi au Paje huvuka kwenda Bara, akafika Mombo, akapanda barabara ya Soni yenye kona nyingi, yapata kilomita 33, mpaka mjini Lushoto. Huko hutembea msitu wa Magamba, husimama ukingoni mwa Irente akaitazama nyika ya Wamasai chini yake, na mwenye miguu mizuri huendelea mpaka Mtae. Mwingine huanzia mlimani akamalizia visiwani. Safari hiyo moja imebeba pande zote mbili za Muungano wetu, na kwa sababu hiyo inafaa kuwa kipimo. Karatasi aliyoijaza mgeni mlangoni inamsaidia nani huko mlimani, na inamlinda nani?

Msimamo wetu tunautangaza mapema ili msomaji asitafute. Karatasi ya mgeni lazima ibaki. Lakini iulizwe mara moja kwa nchi nzima, na majibu yake yafike mpaka pale mgeni anapolaza ubavu wake.

Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa tungali wadogo kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila ya kubisha hodi na kutoa salamu. Hodi hupigwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Adabu hiyo ina pande mbili. Ajaye hujitambulisha, akasema ametoka wapi na amekuja kwa jambo gani. Mwenye nyumba naye, akishamkaribisha, hamrudishi mgeni wake mlangoni kila atokapo ukumbini kwenda uani. Viza ni hodi ya mgeni kwa taifa zima, na adabu yake haina tofauti na hiyo.

Kwa mujibu wa Katiba, uraia na uhamiaji ni katika mambo ya Muungano, na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inatumika Bara na Visiwani. Mwombaji wa viza, tangu mwaka 2018, aweza kujaza maombi yake kwa njia ya mtandao akiwa kwao. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja hulipiwa dola 50 za Kimarekani na wageni wa mataifa mengi, nayo haizidi siku 90. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ajaye kwa shughuli za biashara hulipa dola 250. Utalii, kwa upande mwingine, si jambo la Muungano. Kila upande una wizara yake, sheria zake na mapato yake. Hapa ndipo penye mzizi wa jambo tunalolizungumza: mlango wa nyumba ni mmoja, lakini vyumba vina wenyewe, na kila mwenye chumba hutamani kuuliza hodi yake.

Kabla ya kulaumu wingi wa hodi, hatuna budi kuwajibu wale wanaodai kwamba karatasi yote iondolewe, mgeni aingie kama aingiavyo sokoni. Hutoa mfano wa jirani zetu wa Kenya, waliotangaza kufuta viza kuanzia Januari 2024. Wanasahau kusema kwamba Kenya haikuacha mlango wazi. Mahali pa viza iliweka kibali cha kusafiria kinachoombwa kwa mtandao na kulipiwa kabla ya safari. Jina limebadilika, hodi imebaki. Wala hakuna nchi inayojiheshimu isiyotaka kumjua anayeingia kwake. Na watu wa Usambara wana sababu za zamani, kuliko wengi, za kutaka kumjua.

Katikati ya karne ya 19 milima ile ilikuwa chini ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, makao yake yakiwa Vuga, na sauti yake ikisikika mpaka vijiji vya pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimwendea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mwezi wa Februari 1857 wakafika Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliopitia Pangani. Hawakwenda mikono mitupu. Walichukua barua za kuwatambulisha kutoka Unguja, kwa kuwa ilifahamika kwamba mtu hampandii Kimweri mlimani bila ya kujulikana ametumwa na nani. Basi ndugu zetu wa visiwani wafahamu kuwa karatasi ya mgeni iliyoandikwa Unguja na kusomwa Usambara si uzushi wa leo. Ilikuwapo miaka zaidi ya 100 kabla ya Muungano, na ilikuwa karatasi moja.

Wale waliofuata hawakupiga hodi. Mwezi wa Novemba 1884 Carl Peters na wenzake waliingia Unguja kwa majina yasiyokuwa yao, wakavuka Saadani, wakaenda bara wakiwa na mikataba iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotakiwa kuitia alama hawakuijua. Kufikia mwisho wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilikwisha kuipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi juu ya nchi zile. Mgeni aliyeficha jina lake na sababu ya safari yake alirudi kwao na umilikaji wa ardhi ya watu. Ndugu msomaji, ukiona katika fomu mstari unaouliza jina kamili na sababu ya kuja, usidhani ni udadisi wa maofisa tu.

Milima ya Usambara ilichukuliwa pia. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, na walowezi wakajigawia mashamba penye maji na ubaridi. Ndipo karatasi ikageuzwa juu chini. Karibu na mwaka 1907 utawala wa Wilhelmstal uliweka utaratibu wa kadi, ambao kwa huo kila mwanamume wa Kishambaa alilazimishwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na kadi yake ndiyo iliyokuwa shahidi. Mgeni hakuwa na karatasi ya kuingilia. Mwenyeji ndiye aliyebebeshwa karatasi ya kuishi kwao. Uhuru wa mwaka 1961 na Mapinduzi ya mwaka 1964 viliirudisha kalamu mkononi mwa mwenye nyumba. Anayetaka tuitupe kalamu hiyo kwa tamaa ya kuongeza idadi ya vitanda vya hoteli amesahau ilivyopatikana.

Tumesema juu ya mstari wa sababu ya safari. Mstari huo una uzito wa pekee Usambara kwa sababu misitu yake ina viumbe na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Katika siku za Wajerumani, mtawala wao wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika milima hiyo ua dogo la rangi ya zambarau akalipeleka kwao. Mwaka 1893 wataalamu wa huko walilipa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima yake. Leo ua hilo huuzwa katika vyungu Ulaya na Marekani yote, na limekuwa biashara kubwa, ilhali wanakijiji wa Usambara hawakupata hata asante. Amani nayo, katika Usambara ya Mashariki, ilipewa kituo cha utafiti mwaka 1902, na tangu hapo wanasayansi hawajakoma kuja.

Hatuwafukuzi wanasayansi, elimu yao imetufaa katika kilimo na katika kupambana na malaria. Lakini mtafiti halali hupata kwanza kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Yule anayejiandikia kuwa mtalii, kisha akapanda msituni na chupa na mifuko ya mbegu, amedanganya mlangoni. Vivyo hivyo mfanyabiashara anayejiita mtalii ili alipe dola 50 badala ya 250. Tofauti ya dola 200 ni kishawishi, na ofisa aliyeko Kiembesamaki au Dar es Salaam hawezi kuusoma moyo wa mtu. Atakayegundua ni mkuu wa kijiji, mlinzi wa msitu, mwenye nyumba ya wageni. Watu hao, je, wanaijua tofauti ya viza moja na nyingine? Wamefundishwa na nani?

Uko pia mstari wa afya. Visiwani hatuhitaji kuhadithiwa maana yake. Jengo lililojengwa Changuu mwaka 1893 likusudiwe kuwa gereza liliishia kuwa mahali pa kuwatenga wasafiri ili maradhi yasiingie mjini. Lushoto nayo ina somo lake chungu. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika vijiji vya wilaya hiyo, ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, na ilichukua roho za mamia ya watu. Katika miaka hiyo mtu wa Lushoto aliposhuka Mombo aliulizwa ametoka kijiji gani, na swali hilo lilikuwa na maana ya uhai na mauti. Hivi karibuni, mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa mwaka 2025, maradhi ya Marburg yalitokea mkoani Kagera. Kwa hiyo mgeni anayenung'unika kuulizwa amepita nchi gani katika safari yake aelezwe kwa upole kwamba sisi wenyewe tumewahi kuulizwana hivyo, na haikuwa aibu.

Basi karatasi ni halali, ina historia na ina hoja. Ubaya wake ni kuzaana.

Wakati wa ugonjwa wa Korona mgeni aliyekuja Bara alijaza fomu ya afya ya Bara kwa mtandao. Aliyekuja Zanzibar alijaza fomu nyingine ya Zanzibar. Aliyekusudia kwenda kote kuwili aliulizwa mambo yaleyale na serikali mbili za nchi moja, kuhusu pua moja na koo moja. Dharura ile imepita, lakini mazoea yake hayakupita. Mwaka 2024 Zanzibar ilianzisha bima ya lazima kwa wageni kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Mwaka uliofuata, katika mapendekezo ya bajeti ya 2025/2026, Serikali ya Muungano nayo ilipendekeza bima ya dola 44 kwa wageni waingiao Tanzania Bara. Hatupingi bima. Mgeni akiumia, hospitali ya umma isibaki na deni lisilolipwa, ambalo mwishowe hulipwa kwa dawa za wananchi. Tunachotaka ni jibu la swali rahisi. Mgeni aliyelipa bima yake Unguja akateleza na kuvunjika mguu katika njia za Irente, hati yake itamtibu? Na aliyelipa Bara akachomwa na nge wa baharini pwani ya Kizimkazi? Jibu hilo liandikwe juu ya hati yenyewe, kwa maneno ambayo mtu mwenye maumivu anaweza kuyasoma. Na jibu lililo bora kuliko yote ni kwamba bima iliyolipwa upande mmoja itambuliwe na upande wa pili, na pande hizo mbili zigawane fedha zake kwa hesabu.

Watakuja wataalamu watuambie kwamba jambo hilo ni gumu kisheria. Tunawajibu kwa mfano wa wale ambao vijana wetu hupanga foleni kwenye balozi zao. Nchi za Schengen huko Ulaya sasa ni 29, kila moja ina serikali yake, na nyingi zimepigana vita baina yao. Hata hivyo zimepatana kwamba mgeni aombe viza moja ya muda mfupi, na awe na bima moja ya safari isiyopungua yuro 30,000, inayotambulika katika nchi zote hizo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza ya pamoja ya watalii mwaka 2014. Mataifa mbalimbali yakiweza kupatana, sisi tulio taifa moja tangu tarehe 26 Aprili, 1964 tuna udhuru gani?

Wala si kweli kwamba karatasi ikishawekwa haiwezi kuondolewa. Wazee wanakumbuka kwamba kwa miaka mingi baada ya Muungano, Mtanzania wa Bara aliyetaka kwenda Zanzibar alitakiwa kuonyesha pasi kama anakwenda nchi ya kigeni. Wapo waliosema kwamba ikiondolewa visiwa vitazama. Iliondolewa, na visiwa vipo.

Ikiwa mgeni huulizwa mara nyingi kupita kiasi mlangoni, ajabu ni kwamba majibu yake hayasafiri. Katika nyumba yoyote ya wageni nchini mwetu, iwe Lushoto, iwe Wete, kuna daftari mezani. Mwananchi wa Makunduchi akilala huko ataandika jina lake, kazi yake, atokako na aendako; Mdachi akilala ataandika hayo hayo pamoja na namba ya pasi yake. Daftari likijaa hununuliwa jingine, na lile la kwanza huwekwa kabatini na mende. Visiwani tunaye sheha, ambaye kwa kawaida hujulishwa mgeni ahamiapo katika shehia yake. Vyombo vya kumjua mgeni, kwa hiyo, tunavyo tangu zamani na viko karibu na wananchi. Kilichokosekana ni uzi wa kuviunganisha na fomu ya uwanja wa ndege.

Matokeo yake tunayaona. Mgeni katika mstari wa anwani huandika jina la hoteli ya usiku wa kwanza, Mjini Unguja au Dar es Salaam, na kwa hesabu za taifa huonekana ni mgeni wa huko kwa siku zake zote. Siku alizotembea Soni, Magamba na Mtae hazionekani popote. Wilaya inapoomba barabara ya kwenda Mtae itengenezwe, au zahanati iongezewe dawa na muuguzi, haina takwimu ya kuweka mezani. Kijana anayewaongoza wageni milimani haonekani. Mama anayewapikia haonekani. Wanakijiji wanaotunza vyanzo vya maji ambavyo mgeni amekuja kuvipiga picha hawaonekani. Nchi iliyotangaza Ujamaa na Kujitegemea mwaka 1967 haikukusudia kwamba tunda la kazi ya wengi lihesabiwe mlangoni na kubaki mlangoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa mgeni huyu ni nani, kama si yule anayelala naye kijiji kimoja?

Hatuna budi kugusa pia tabia ya mtu aliyekaa nyuma ya dirisha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, ulipiga marufuku majivuno, ubabe na dharau kwa kiongozi. TANU iliungana na ASP tarehe 5 Februari, 1977, kikazaliwa Chama Cha Mapinduzi, lakini kipimo kile hakikuzikwa. Ofisa anayempigia muhuri mgeni ni kiongozi kwa dakika tano. Katika dakika hizo yeye ndiye Tanzania. Wengi wa maofisa wetu wanafanya kazi kwa heshima, usiku na mchana, na twawapongeza. Lakini yupo mmoja mmoja anayeigeuza fomu kuwa mtego, akaona kosa la herufi katika jina kuwa mlango wa chai. Huyo anawaibia watu wawili: mgeni aliye mbele yake, na yule kijana wa Lushoto ambaye mgeni hatamfikia tena kwa kuwa amekwenda kuwahadithia wenzake.

Miongoni mwa wanaosimama katika foleni ya wageni wamo pia wana wa visiwa hivi, waliozaliwa Malindi au Chake Chake, ambao leo wanashika pasi ya Oman au ya Uingereza. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mjadala wa sheria hiyo una mahali pake. Lakini hakuna sheria inayomkataza ofisa kumwamkia shikamoo bibi wa miaka 70 aliyekuja kuzuru kaburi la mama yake. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya taifa hili, hakistahili kuwa lugha ya nyuma ya dirisha peke yake. Kitangulie katika fomu, lugha za wageni zifuate chini yake.

Kwa hayo yote, tunapendekeza kwa Idara ya Uhamiaji, kwa wizara za pande zote mbili zinazohusika na utalii, afya na fedha, na kwa viongozi wa mikoa na wilaya, mambo yafuatayo.

Kwanza, iwepo fomu moja ya kuwasili kwa Jamhuri yote, yenye maswali ya uhamiaji, ya afya na ya bima pamoja, na anayevuka kutoka Bara kwenda Visiwani au kinyume chake aonyeshe tu kwamba amekwisha kuijaza. Kila upande upewe nakala ya majibu, ili pasiwe na upande utakaohisi umenyimwa haki yake ya kujua.

Pili, bima itambuliwe kote, kama tulivyoeleza, na hati iseme wazi mgeni afanye nini akiugua, apige simu wapi, aende hospitali gani, hata akiwa mlimani.

Tatu, mstari wa anwani uwe mstari wa safari: utalala wapi, kisha wapi, kisha wapi. Kila mwezi wilaya zipelekewe hesabu ya wageni waliokusudia kufika kwao, pamoja na usiku watakaolala. Majina yabaki Uhamiaji, maana siri ya mgeni ni amana. Wilaya inahitaji idadi, haihitaji umbeya.

Nne, sababu za safari zielezwe katika fomu kwa maneno mepesi. Anayekuja kuokota mmea, jiwe, mdudu au damu ya mnyama kwa ajili ya utafiti aambiwe kabla hajanunua tiketi kwamba kibali chake kinatoka wapi. Na walinzi wa misitu, wenye nyumba za wageni, masheha na viongozi wa vijiji wafundishwe aina za viza angalau mara moja kwa mwaka.

Tano, malipo yote yabandikwe ukutani katika kila kituo cha kuingilia, bandarini, mpakani na uwanjani, na pasiwe na fedha inayopokelewa bila ya stakabadhi. Kadhalika wageni waonywe juu ya tovuti za walaghai zinazojifanya za serikali na kuwatoza zaidi. Tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe ijulikane kwa kila balozi yetu na kwa kila shirika la ndege. Na masharti mengine ambayo mgeni huyakuta kwa ghafula, kama marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Bara tarehe 1 Juni, 2019 na ambayo Visiwani ilitangulia, yaandikwe humo humo, asije akapokonywa mfuko wake uwanjani akadhani ameonewa.

Mambo haya hayahitaji mkopo wa kigeni wala mtaalamu wa kulipwa kwa dola. Yanahitaji watendaji wa Zanzibar na wa Bara kukaa meza moja, kila mmoja na fomu zake, wakafuta swali linalorudiwa mpaka yabaki yale ambayo jibu lake lina mtu wa kulisoma na kazi ya kulifanyia. Swali lisilokuwa na msomaji lifutwe. Jibu lenye msomaji Lushoto lipelekwe Lushoto.

Tunawaomba wahusika wasisubiri msimu mwingine wa wageni upite. Mwezi wa Juni hauko mbali, ndege zitajaa, na foleni ya Kiembesamaki itarefuka kama kawaida yake. Kule Lushoto, vijana watakuwa wamekaa stendi wakitazama basi linalopanda kutoka Mombo. Wanayo haki ya kujua kama amo mgeni wao ndani yake, na mgeni naye anayo haki ya kuteremka bila ya kuulizwa tena yale aliyokwisha kuyajibu baharini.